Mgeni wa Roho Mkononi

Wasikilizaji walimwita Shangazi, na hata pale kituoni jina lake la kwenye cheti lilikuwa limeshasahaulika. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha muziki wa soul, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu wameshiba na hawataki kuambiwa jambo zito. Kipindi kiliitwa Roho Mkononi. Alikianzisha mwenyewe, wakati kituo kilikuwa bado chumba kimoja na mlango usiofunga vizuri. Mwanzoni alipiga santuri za ng'ambo tu, za wale wanaume wanaobembeleza mpaka sauti inapasuka. Baadaye akaona si haki. Mitaani humu wapo watu wanaoimba hivyohivyo, kwa lugha tunayoielewa, na hakuna anayewasikia isipokuwa majirani zao, tena majirani wenyewe wanalalamika. Akaanza kumleta mmoja kila wiki. Mwimbaji chipukizi, nyimbo mbili tatu, maongezi mafupi, kwaheri.

Jambo la pili ambalo watu wa kituoni walilijua ni kwamba Shangazi alikuwa mtu wa kinyaa. Hakuwa na maringo hata kidogo, ila tumbo lake lilikuwa jepesi. Kile kifuniko cha sponji kinachovishwa maikrofoni kilimtia kichefuchefu kuliko kitu chochote duniani. Kimepumuliwa na kila mtu tangu taarifa ya habari ya alfajiri: mwenye kikohozi, aliyekula vitunguu, mchambuzi wa mpira anayetema mate akichambua. Kwa hiyo Shangazi alikuja na cha kwake, kwenye kimfuko kidogo, kimefuliwa kwa maji moto na kuanikwa dirishani. Chai ya kituo hakuigusa.

"Wewe Shangazi," fundi mitambo alikuwa akimwambia, "ungezaliwa samaki ungeomba bahari ichemshwe kwanza."

Huyu fundi mitambo alikuwa bwana mnene, mpole, wamefanya kazi pamoja wakitenganishwa na kioo tu, na walielewana kwa nyusi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja meneja mpya wa vipindi. Ukimwangalia hakuwa mtu mbaya. Aliamkia kila mtu, alikumbuka mtoto wa nani anaumwa. Ila alikuwa na tabia ya kutafuna karanga akiongea, na akimaliza huchokonoa meno kwa pembe ya kadi yake ya biashara, halafu kadi hiyohiyo anakukabidhi. Shangazi alizipokea kwa ncha za vidole na kuzitumbukiza kwenye pipa la taka akifika nje.

Meneja alikiletea kipindi mdhamini, kampuni ya sabuni. Hapo hapakuwa na ubaya. Kituo hakiendeshwi kwa pumzi. Ubaya ulianza Jumamosi moja mgeni alipoulizwa wimbo wake amemwimbia nani, akamkumbuka kaka yake marehemu, akashindwa kujizuia. Akalia hewani. Shangazi akampa kitambaa, akaweka muziki, akaona jambo limepita. Lakini simu ziliita mpaka jioni. Watu wa sabuni nao wakapiga, wamefurahi. Tangu siku hiyo Meneja akajua kwamba machozi ni bidhaa.

"Huyu wa wiki hii ana nini?" akawa anauliza kila Jumatatu.

"Ana sauti."

"Najua ana sauti, mama. Nauliza ana nini. Kafiwa? Katelekezwa? Kalala njaa?"

"Anaimba vizuri, anakula vizuri, na analala vizuri."

"Basi huyo atasubiri."

Wageni wakabadilika. Habari hazifichiki, na waimbaji wakajua mlango wa studio unafunguliwa kwa ufunguo gani. Wakaanza kuja na misiba iliyonyooshwa kama suruali ya harusini. Mmoja alisimulia alivyokua yatima, akakwama mara tatu kwa kwikwi. Kabla hajafika kwenye kiitikio mama yake akapiga simu kutoka jikoni kwake, akauliza kwa upole huyo yatima amefiwa na nani. Mtu mwingine angeona haya. Meneja aliichukua sehemu ya kwikwi na kuirusha wiki nzima kama tangazo la kipindi.

Shangazi alivumilia. Alijiambia kila wiki kwamba nyimbo mbili bado zinapigwa, na nyimbo ndizo zilizomleta. Lakini alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi jioni ananawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Siku moja alipeleka nguo zake kwa dobi. Duka lilikuwa limejaa mvuke, na kwenye mvuke ule, nyuma ya pazia, mtu alikuwa akiimba. Sauti nzito kidogo, yenye mchanga kwa chini, ikipanda taratibu bila haraka ya kufika. Maneno yalikuwa ya mzaha. Mwanamke anaukataa ulimwengu asubuhi ya Jumapili: jua limegonga dirisha, *leo sitoki*, mpangishaji kagonga mlango, *leo sitoki*, hata mapenzi yakija na maua yaache kizingitini, *leo sitoki*. Shangazi akasahau kwamba ameshika nguo. Aliyekuwa zamu ya kupokea akacheka.

"Huyo ni Chiriku wetu," akasema. "Tumempa jina hilo kwa kejeli. Akiongea maneno kumi kwa siku, jua kuna moto."

Chiriku akatoka, pasi mkononi, msichana wa miaka ishirini na kitu, uso umelowa kwa mvuke. Alisikiliza ombi la Shangazi mpaka mwisho, akafikiri, akarudisha pasi kwenye kikalio chake.

"Nakisikiliza kipindi," alisema. "Nije kuimba tu, Shangazi. Mambo ya kwetu yabaki kwetu."

"Utaimba tu."

"Hata kuulizwa sitaki."

"Hutaulizwa. Nakuahidi."

Jumatatu Meneja akauliza kama kawaida huyo ana nini. Shangazi akamjibu kwamba hana kitu, anapiga pasi. Meneja akatafuna karanga zake, akatabasamu, hakubisha. Shangazi alipaswa kushtuka pale pale, maana mtu aliyezoea kubisha akinyamaza ujue amepata njia nyingine. Lakini alikuwa amefurahi mno. Siku ya majaribio Chiriku alipokuja, fundi mitambo akaurekodi ule wimbo wote, na ulipokwisha akavua hedifoni, akajipangusa kipara.

Kumbe Meneja alikuwa amemtuma mtu dobini na shati la kufuliwa na ulimi mrefu. Kwa wafanyakazi wenzake Chiriku, hadithi ile haikuwa siri. Mama yake alikuwa mgonjwa wa sukari. Alipata kidonda cha unyayo kisichofunga, kikachimba, kikaanza kutoa harufu. Baba yake, dalali wa viwanja, mtu wa shati jeupe na maneno laini, akahamia kulala sebuleni. Kisha akawa anapita mlangoni kwa mkewe na leso puani. Kisha siku moja akasema, "Mimi ni mtu wa kinyaa, mnanijua, siwezi," akafunga sanduku. Mama akakatwa mguu bila mume. Chiriku aliyekuwa bado shuleni akajifunza kusafisha kidonda, kufunga bandeji, na kuanzia hapo kupiga pasi nguo za watu. Baba hakwenda mbali. Alikuwa upande wa pili wa mji huohuo, ameoa tena, na anuani ya familia aliyoiacha aliijua vizuri kuliko posta.

Jumamosi ikafika. Chiriku alivaa gauni la kijani alilolinyoosha mwenyewe, mikono ya gauni imekaa kama imekatwa kwa rula. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa polepole, na Shangazi akatimiza ahadi yake: hakuuliza kitu, alisema tu kwamba unaofuata unaitwa "Leo Sitoki". Ala zikaanza. Chiriku akafumba macho, akaimba mstari wa kwanza, jua limegonga dirisha, na mlango wa studio ukafunguliwa.

Aliyetangulia kuingia alikuwa ni marashi. Chumba cha studio hakina dirisha, kila kinachoingia kinabaki, na yale marashi yaliingia mazito, matamu, kama maua yaliyokaa siku nyingi ndani ya maji yaleyale. Nyuma yake Meneja, akivuta maikrofoni ya mgeni kuelekea kwake. Nyuma ya Meneja, mzee wa shati jeupe.

"Wapendwa wa Roho Mkononi," Meneja akasema, "tumsimamishe kidogo msanii wetu. Tunayo zawadi yake. Mtu ambaye hajamwona kwa miaka. Baba, karibu."

Ala zikaendelea kulia zenyewe hadi fundi mitambo alipozishusha. Chiriku alifumbua macho. Hakupiga ukelele, wala hakusimama. Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mwanangu," yule mzee akaanza, "nimekutafuta."

Alikuwa ameisogeza midomo yake mpaka ikagusa sponji. Midomo ilikuwa imelowa. Alivuta kamasi, akameza, akaendelea. Alisema shetani alimpitia. Alisema hakuna usiku aliolala. Alisema damu nzito kuliko maji, na kwamba leo, mbele ya wasikilizaji wote na wadhamini wa kipindi, anaomba radhi. Machozi yalimtoka kweli, tena mengi, yakashuka hadi kwenye kola. Lakini Shangazi alikuwa amekaa karibu yake, na aliona kitu ambacho redio haionyeshi: kila baada ya sentensi mbili jicho la mzee lilimwendea Meneja kuuliza kama inatosha.

Meneja akamzungushia Shangazi kidole: ongea.

Na Shangazi akaongea. Mazoea yana mdomo wao. Ile sauti yake ya Jumamosi, ya asali na pamba, ikatoka yenyewe kabla hajaizuia.

"Msanii wetu," alisema, "moyo unasema nini saa hii?"

Aliisikia kwenye hedifoni zake, ikimrudia masikioni, laini, tamu, nata. Chiriku akamgeuzia macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia chini ya kiatu chake kuona amekanyaga nini.

Kisha Chiriku akasogea kwenye maikrofoni. "Mama anasikiliza," alisema.

"Msalimie," mzee akajibu.

Hapo Shangazi akateremsha vidhibiti vyote vya sauti kwa kiganja kimoja na kumwashiria fundi aweke chochote. Fundi akabonyeza kilichokuwa karibu, na nchi nzima ikasikia wimbo wa tangazo la sabuni, ule wa watoto wanaocheka katikati ya povu.

Chiriku akatoka bila kumgusa mtu. Mzee alifungua mikono njiani kumkumbatia. Binti akapita chini ya mkono, kama mtu anayekwepa kamba ya nguo. Shangazi naye alitoka, akakimbilia msalani, akatapika. Alitapika na chakula cha mchana na chai ya asubuhi, kisha maji matupu, ameshika sinki ambalo siku nyingine asingeligusa hata kwa karatasi.

Alipotoka, Meneja alikuwa ukumbini, uso unang'aa.

"Mama, ulikata penye utamu kabisa, lakini si neno. Sikiliza simu zinavyolia. Watu wamesimamisha magari barabarani wanalia."

"Ulimpata wapi yule mtu?"

"Alikuwa rahisi. Nilimwambia redio, akauliza saa ngapi." Akatoa karanga. "Wiki ijayo tunaleta sehemu ya pili. Mama mtu. Mguu hauonekani redioni, najua, lakini wewe una maneno, utatueleza ulivyo. Baba anapiga magoti pale pale. Watu wa sabuni wanataka kuja wenyewe."

Shangazi alimtazama vidole, chumvi ya karanga imegandamana kwenye kucha, akageuka akaenda zake.

Kesho yake alikwenda kwao Chiriku. Walikaa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza. Usafi ule wote haukuifukuza harufu. Ilikuwa pale, chini ya dawa ya kuulia wadudu na sabuni, tamu kidogo, ya nyama iliyochoka. Mguu uliobaki nao ulikuwa umeanza.

Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito, mwanamke mpana mwenye macho ya kucheka.

"Wewe ndiye Shangazi," alisema. "Redioni unasikika mnene."

Shangazi akaanza kuomba radhi. Mama akamwacha aombe mpaka mwisho, kisha akaeleza yeye kilichomfika. Alikuwa amewaita majirani wote. Redio iliwekwa dirishani, watu wamejaa hadi ukumbini, na wimbo wa kwanza ulipokwisha walipiga makofi kama Chiriku angeweza kuwasikia. Halafu ile sauti.

"Nilidhani naota. Halafu nikamsikia anavuta kamasi. Hiyo haijabadilika. Nilikuwa naisikia kila asubuhi nikiwa mkewe." Akapangusa mdomo. "Mtu ametoka humu ameziba pua, anarudi chumbani kwangu kupitia dirishani, mbele ya watu, na mimi siwezi hata kuinuka nizime redio. Majirani waliondoka mmoja mmoja. Walikuwa na adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyoniua zaidi."

Mtoto wa jirani alikuwa ameleta chai. Kikombe kilikaa mbele ya Shangazi, na Shangazi akakitazama. Alikishika. Alikiinua hadi nusu ya safari, harufu ya kidonda na harufu ya maziwa zikakutana, na mkono ukagoma. Alijaribu tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Usijilazimishe," Mama akasema. "Sura hiyo naijua, nimeishi nayo ndani ya nyumba."

Shangazi alitamani ardhi imfungukie. "Nisamehe, dada. Ni tumbo langu. Tangu utotoni."

"Na yeye alisema tumbo." Mama akaanza kucheka kimyakimya, kitanda kikatikisika. "Ila yeye alisema akiwa amesimama. Wewe bado umekaa. Weka kikombe chini, tuongee."

Chiriku alikuwa chumba cha pili. Sauti ya pasi ilisikika ikienda na kurudi. Baadaye ikakoma, akaja kusimama mlangoni.

"Ulisema nitaimba tu," alimwambia Shangazi.

"Nilisema."

"Ukaniuliza moyo unasema nini."

"Nilikuuliza."

Hakujitetea zaidi, na pengine ndiyo maana Chiriku hakuondoka.

"Sasa huo wimbo wenyewe uko wapi?" Mama akadakia. "Dobini wote wanaujua. Hapa kwangu hajawahi kuuimba, anasema nitamcheka. Nimesikia jua limegonga dirisha, halafu amegonga yule mshenzi."

Shangazi akamgeukia binti. "Unataka nifanye nini Jumamosi?"

Chiriku alifikiri. "Upigwe mpaka mwisho," akasema. "Watu wanisikie, basi. Mimi kule sirudi."

Jumamosi hiyo watu wa sabuni walikuja kweli, wanaume wawili na mwanamke, wamebeba sampuli kwenye maboksi. Mama alikuwa amekataa, binti amekataa, lakini baba hakukataa. Alifika mapema, akakaa ukumbini na shati jipya, akijichana nywele kwa kutumia kioo cha mlango wa studio. Marashi yalimtangulia tena. Shangazi alimpita bila salamu, akaingia, akavisha maikrofoni sponji yake, akamtazama fundi mitambo kupitia kioo. Fundi akainua nyusi. Akainuka kwenye kiti chake, akakikokota mpaka nyuma ya mlango wa studio, ule mmoja unaoingilia pande zote mbili za kioo, akakaa tena kwa uzito wake wote.

"Wiki jana," Shangazi alisema hewani, na safari hii sauti haikuwa ya asali, ilikuwa ya mtu anayeongea na jirani yake juu ya jambo baya, "kulikuwa na wimbo hapa. Ulikatizwa kwenye mstari wa kwanza. Walioukatiza ni sisi. Mwenye wimbo alituomba tusiguse mambo ya kwao, tukamwahidi, tukamdanganya. Mlichokisikia mkalia ni uchafu, na tuliwalisha tukijua. Wimbo wenyewe huu hapa."

"Leo Sitoki" ikaanza. Meneja alifika mlangoni kwenye ubeti wa kwanza. Alisukuma. Akagonga. Akagonga kioo kwa kadi yake. Fundi mitambo akamwonyesha kwa ishara kwamba mlango umekwama, pole sana, unavimba siku za unyevu. Ubeti wa mpangishaji ukapita, wa mapenzi na maua ukapita, na mwisho ambao hakuna aliyekuwa ameusikia redioni: Chiriku anaacha maneno kabisa, anabaki na mguno tu, wa mtu aliyejigeuza kitandani akavuta shuka, sauti inashuka, inashuka, mpaka inalala.

Shangazi akangoja kimya kipite. "Mgeni wetu leo ni wimbo huo," alisema, "na mgeni hapewi chai kikombe kimoja." Akaupiga tena.

Jumatatu aliondolewa kwenye kipindi. Roho Mkononi akapewa msichana mwenye sauti inayolia yenyewe hata akisoma hali ya hewa. Fundi mitambo alihamishiwa mnarani, akalinde jenereta, na anasema hewa ya kule ni safi. Shangazi alipelekwa kwenye matangazo ya vifo, ya alfajiri, adhabu ambayo Meneja aliiita mapumziko. Yeye aliipenda. Jina la marehemu, wafiwa, mahali pa mazishi, saa. Hakuna anayemwambia aipambe sauti. Alisoma taratibu ili walioko mbali wasipitwe na jina, na hapo, kwa mara ya kwanza katika muda mrefu, alirudi nyumbani na mikono ambayo haikuhitaji kunawa.

Yule baba alijaribu bahati yake mara moja tena. Watu barabarani walikuwa wakimtambua, na yeye alikuwa ameanza kujitambulisha kama msimamizi wa msanii. Akaja nyuma ya ile karakana na sanduku. Chiriku alikuwa kazini. Mama alimsikia akibisha, akajua ni nani kabla hajataja jina.

"Mke wangu," alisema nje ya mlango, "nimerudi nyumbani."

"Hapa bado pananuka," Mama akamjibu kutoka kitandani.

Wachomeleaji wanasema alisimama pale kwa muda, akibadilisha sanduku mkono mmoja hadi mwingine, halafu akatoa leso, akajipangusa shingo, akaenda zake. Mahojiano mawili ya magazeti aliyatoa hata hivyo. Katika moja alisema binti sauti ameirithi kwake.

Chiriku bado anapiga pasi. Jumapili mchana anaimba na bendi ndogo kwenye ukumbi mmoja, na watu huujaza. Kuna wanaokuja kwa ajili ya wimbo. Kuna wengine wanaokuja kuangalia kidonda, hao hupiga kelele kutoka nyuma, "Ile ya baba," au, "Lia kidogo." Yeye hungoja wamalize, hana haraka, kisha huanza mwingine. Sasa ana wimbo wa jirani anayekoroma. Mama ameshausikia mara nyingi na anadai ubeti wa pili ni wake.

Shangazi hakukaa sana kwenye vifo. Meneja alimwita ofisini siku moja, amefurahi, akamweleza wazo: watu wa sabuni wameona jinsi wafiwa wanavyosikiliza kwa makini, neno kwa neno, hakuna anayebadilisha kituo. Sentensi fupi tu kabla ya kila marehemu. Usafi wa mwisho, kitu kama hicho, maneno wataleta wenyewe. Shangazi alimsikiliza mpaka akamaliza. Alichukua kimfuko chake cha sponji, akashuka ngazi, na hakupanda tena.

Siku hizi anasoma vitabu kwa sauti kwenye shule ya wasioona, na ana wanafunzi wachache anaowafundisha kuongea bila kujiremba. Ukimuuliza kuhusu redio anasema hana habari nayo. Lakini redio haina adabu ya kungoja mpaka mtu aiulizie. Jumamosi moja alikuwa kwa msusi, amekaa kwenye stuli, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri na wa pili umesimama ovyo kama kichaka. Redio ya saluni ilikuwa juu ya kabati. Ukapigwa muziki wa kufungulia kipindi, ule aliouchagua mwenyewe enzi za mlango usiofunga, na msichana wa sauti ya kilio akamkaribisha mgeni wa wiki: mtoto, kwa sauti yake hajafika hata miaka kumi. Akaulizwa anamkumbuka vipi mama yake.

"Mwanangu, zima hiyo," Shangazi akasema.

Msusi alikuwa ameshasimamisha mikono, chanuo hewani, kichwa ameelekeza kwenye spika. "Ngoja kidogo, mama," alisema. "Anakaribia kulia."

Shangazi akainuka. Alivua kile kitambaa cha begani, akakikunja, akakiweka kwenye stuli, na akaenda nyumbani kwa miguu, barabara kuu, nusu kichwa kimesukwa na nusu hakijasukwa, watu wakimgeukia.